Kiapo na Kura

Mjumbe aliyeteuliwa hakupata haki ya kupiga kura katika Baraza la Kutunga Sheria siku alipotajwa jina. Sharti ale kiapo kwanza. Ndivyo alivyofanya Daniel arap Moi, mwalimu kutoka Baringo, alipoingia Barazani Oktoba 1955 kusemea Waafrika wa Bonde la Ufa. Naye aliweza kupiga kura, ilhali watu wake hawajapata kumchagua mjumbe wa Baraza hilo.

Walipochagua Machi 1957, haki hiyo haikuwa ya wote. Elimu, mapato au mali vilimpa mtu kura moja, hata tatu. Na Mkikuyu wa Nakuru alitakiwa pia hati ya utiifu kwa serikali. Kati ya wajumbe wa zamani, wawili tu walirudi: Moi na James Muimi.