Moto, Nguruwe na Kifafa: Mbulu Ilivyomtazama Mtu Anayeanguka

Kata ya Daudi iko kwenye nyanda za juu za Mbulu, na jioni za baridi huko watu hukaa karibu na mafiga. Mwenye kifafa akianguka hapo huangukia moto. Moto wenyewe ungemuunguza kidogo tu kama waliomzunguka wangemvuta mara moja. Lakini kwa vizazi vingi, katika sehemu nyingi za Tanzania, watu walifundishwa kutomgusa. Waliamini kwamba maradhi hupita kwenye povu la mdomoni, kwenye mate, hata kwenye mkojo unaomtoka wakati wa degedege. Anayemgusa naye ataanguka. Ndiyo maana wengi wenye kifafa wana makovu ya moto mikononi, usoni na miguuni, na jamii iliyoyasababisha kwa kusita huyatazama makovu hayo kama dalili nyingine ya laana.

Siwacheki wazee walioamini hivyo. Mtu mzima wa afya, anayelima na kucheka, ghafla anaanguka, macho yanapinduka, mwili unakakamaa, kisha anaamka hakumbuki chochote. Katika kijiji kisichokuwa na daktari, ilibidi wapate maelezo. Wapo waliotaja mizimu, wapo waliotaja uchawi, na wapo waliosema ni deni la ukoo lisilolipwa. Maelezo yote hayo yalimtenga mgonjwa, na kutengwa huko ndiko kulikogeuza maradhi kuwa ulemavu.

Daktari wa kwanza kuliandika jambo hili kwa kina nchini ni Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyefika Mahenge, mkoani Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliwakuta wenye kifafa wamewekwa vibandani, wakila kwenye vyombo vyao peke yao, wengi wakiwa na majeraha ya moto. Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa na kuwapa vidonge vya fenobabito, dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku. Kwa wengi degedege zilipungua. Kilichosaidia sana, kwa maoni yangu, ni kwamba majirani waliona kwa macho yao mtu wa "laana" akirudi shambani kwa sababu ya kidonge.

Serikali mpya baada ya uhuru haikuwa mbele ya wanakijiji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, iliandika kuwa ndoa inaweza kubatilishwa iwapo mmoja wa wanandoa alikuwa na mashambulizi ya mara kwa mara ya wazimu au kifafa wakati wa kufunga ndoa. Maneno hayo yalitoka kwa Waingereza. Mwaka huohuo wa 1971 bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya ubatilishaji wa ndoa na kukiondoa kifafa kwenye orodha. Sisi tulikuwa tunakiingiza wao wakikitoa. Fikiria binti wa Mbulu anayeposwa, na wazazi wake wakihofia kusema neno moja la ukweli kuhusu afya yake.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ndiyo iliyopokea wagonjwa wengi wa kifafa wa Mbulu na wa sehemu za Hanang. Baadaye timu ya daktari wa neva Andrea Winkler ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo hilo, ikahoji zaidi ya watu 7,000, na ikapata wenye kifafa kati ya wanane na tisa katika kila watu 1,000. Idadi hiyo ni kubwa. Lazima palikuwa na chanzo cha pale pale, na chanzo kimojawapo kilikuwa kikitembea vijijini kikijitafutia chakula: nguruwe.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi vya tegu isiyoiva vizuri, minyoo hukua tumboni mwake. Mayai hutoka na kinyesi chake. Pasipo na choo, nguruwe anayezurura huyala, na viluwiluwi vinajijenga katika nyama yake kama punje za mchele. Mayai hayohayo yakiingia kwa binadamu, kupitia mikono michafu, maji au mboga, viluwiluwi huweza kujijenga kwenye ubongo na kuleta degedege. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja kitimoto anaweza kupata kifafa kutokana na kinyesi cha jirani.

Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake waliwapima nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu kwa kuwafungua vinywa na kupapasa ndimi zao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004: asilimia 17.4 walikuwa na viluwiluwi. Kisha wakafanya jaribio la elimu katika vijiji 42. Watu walijifunza, na ulaji wa nyama yenye viluwiluwi ulipungua, lakini matumizi ya vyoo na ya mabanda hayakuonyesha mabadiliko ya maana. Winkler naye aliwapiga picha za CT watu zaidi ya 200 wenye kifafa, na karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa na alama za viluwiluwi kichwani.

Picha hizo zinasema kitu kizito kwa familia ya Daudi au ya Haydom. Mtoto aliyeanguka hakufanya kosa, wala mama yake. Shida ilikuwa choo, banda na ukaguzi wa nyama, mambo ya kijiji kizima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inafuata mwelekeo huo: inaueleza ulemavu kama kupotea au kupungua kwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Kwa maana hiyo anayezuiwa kuoa, kusoma au kuketi mezani kwa sababu ya kifafa ana ulemavu ambao jamii imemtengenezea.

Kazi iliyobaki inafahamika. Anapoanguka, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mngoje azinduke; povu lake halikuambukizi. Akishapata dawa, isikatike: anayeacha fenobabito ghafla anaweza kupata degedege zisizokoma na kufa. Mgonjwa anayelazimika kusafiri siku nzima kufuata vidonge huiacha dawa mara mvua inapokata barabara. Kila zahanati ya Mbulu na Hanang ingepaswa kuwa na dawa hizo, na bwana afya afungue kinywa cha kila nguruwe kabla hajachinjwa.