Namba Kabla ya Sururu

Mgodi wa Kiabakari, wilayani Butiama, ulifungwa mwaka 1966, mwaka uleule mgodi wa Geita nao ulipofungwa. Wasakaji wa zama zile, huko na Buhemba, walitegemea jicho. Jiwe jeupe la kwazi lilipondwa, likaoshwa kwenye karai, na mkia wa njano uliobaki chini ndio ulioamua pachimbwe au paachwe. Njia hiyo ilikuwa hodari, ila haikuweza kuuona mshipa uliofunikwa.

Na sehemu kubwa ya ukanda huu wa dhahabu imefunikwa. Miamba ya kijani ya Musoma, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, hutokeza kwenye vilima kisha hupotelea chini ya udongo mweusi wa mbuga. Juu ya mshipa uliojificha, udongo huweza kubeba dhahabu ya sehemu chache tu kwa bilioni. Karai haiwezi kuiona. Maabara inaweza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kupima udongo kukawa taaluma. Mwaka 1954 John Webb alianzisha kituo cha utafiti wa aina hiyo katika Chuo cha Imperial, London, na kazi zake nyingi za uwandani zilifanyika Afrika. Mwaka 1962 yeye na Herbert Hawkes walichapisha kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanajiolojia. Kanuni iliyoenea ilikuwa nyepesi: tafuta wastani wa sampuli, ongeza mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, mara mbili, na kinachovuka hapo kifuatiliwe.

Kwa dhahabu, kanuni hiyo inaweza kupoteza mgodi mzima. Chukua mfano wa sampuli kumi, kwa sehemu kwa bilioni: 2, 3, 3, 4, 5, 5, 6, 8, 120 na 900. Wastani ni karibu 106, ingawa sampuli nane kati ya kumi hazifiki hata 10. Hiyo 900 peke yake imeuvuta. Mkengeuko sanifu nao ni kama 281, hivyo kizingiti kinapanda hadi karibu 669. Sampuli ya 120 inatupwa pamoja na takataka, nayo ni mara 24 ya namba ya katikati, ambayo ni 5! Punje moja nene ya dhahabu iliyoangukia kwenye mfuko mmoja imeificha dalili ya kweli iliyokuwa jirani.

Dawa ilikuja kidogokidogo. Huko Afrika Kusini, Danie Krige alionyesha mwaka 1951 jinsi sampuli nono zinavyowadanganya wachimbaji kuhusu mwamba unaozizunguka. Claude Lepeltier mwaka 1969, kisha Alastair Sinclair mwaka 1974, walizichora namba kwenye karatasi za uwezekano ili kutenganisha makundi: udongo wa kawaida upande mmoja, udongo wa mshipa upande mwingine. John Tukey mwaka 1977 akaitetea namba ya katikati, ambayo haitikiswi na punje moja. Katika mfano wetu, ukipima umbali wa kila sampuli kutoka namba ya katikati, umbali wa katikati ni 2. Ukiongeza mara mbili yake juu ya 5, kizingiti kinakuwa 9. Sasa 120 inaonekana waziwazi. Hesabu hiyo inahitaji penseli tu.

Ndiyo maana inauma kuona elimu hii ikibaki kwa kampuni kubwa. Wachimbaji wadogo wa Buhemba, na wenzao wa Kinyambwiga wilayani Bunda, huingia duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa kufuata mshipa wa jirani au tetesi. Lundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, nalo hununuliwa kwa kuangalia kiganja kimoja, wakati kiganja hicho kinaweza kuwa na punje ambayo lundo zima halina. Sampuli kumi kutoka pande kumi za lundo, zikisagwa vizuri na kupimwa kila moja peke yake, zingemwonyesha mnunuzi anachokinunua kabla hajatoa fedha.