Alhamisi Kuu hadi Pasaka: Hii ndio maana ya ibada za siku hizo

Wengi wenu mnajua Pasaka kama wikendi ya siku nne: ushago, nyama choma, Jumatatu mnarudi Nairobi mkiwa mmesota. Lakini kama mathe amewahi kukupeleka Misa ya Alhamisi Kuu, labda ulijiuliza mbona padri hakutoa baraka ya mwisho. Hakusahau. Kwa Wakatoliki, kutoka Alhamisi jioni hadi Jumamosi usiku ni kama ibada moja ndefu.

Alhamisi: Padri anaosha watu miguu, vile Yesu aliwaosha wanafunzi wake. Hiyo ilikuwa kazi ya mtumishi. Kengele zinanyamaza, altare inavuliwa vitambaa.

Ijumaa: Hakuna Misa. Padri anaanza kwa kulala kifudifudi, kimya. Watu wanabusu msalaba, wanaenda nyumbani kimya.

Jumamosi: Usiku moto unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaingia kanisa likiwa giza. Kengele zinalia tena. Mwisho wa kesha, sasa baraka inatolewa.

Kwa hivyo msee, ukitokea Jumapili pekee umefika sherehe, lakini matanga yamekupita. Na kama umefiwa, jaribu hizo siku tatu. Hakuna mtu atakuharakisha ufurahi.