Kanda Tatu za Kupamba: Harusi Moja ya Mombasa, 1995



Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu kutoka Muscat na kijana ambaye mamake ni mdogo wa shoga yangu niliyesoma naye Mombasa. Dada yake alikuwa karibu kuolewa, na yeye alikuwa na ombi: "Khalati, zile kanda za harusi ya mama si unazo wewe? Zitie kwenye kompyuta, ututumie kwenye grupu la familia." Nilimwambia nitafikiri. Alishangaa, manake kwake yeye ni jambo la dakika tano. Kwangu mimi ni deni la tangu 1995, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi London. Nilikuwa nimenunua kamera ya Hi8 iliyokwisha tumika, nikaenda nayo nyumbani mwezi wa Desemba. Ilikuwa Rajabu kuelekea Shaabani, msimu wa harusi kabla ya Ramadhani, na kila mtaa wa Mji wa Kale ulikuwa na turubai lake. Shoga yangu aliniomba nimpigie video harusi ya mdogo wake. Hakuniomba kwa sababu mimi ni hodari, sikuwa hodari hata kidogo. Aliniomba kwa sababu mimi ni mwanamke. Siku zile harusi nyingi zilipigwa video na vijana wa studio, na mjini palikuwa na maneno kwamba baadhi ya kanda za kupamba zilinakiliwa pembeni na kutazamwa na wasiohusika. Kweli au uongo, maneno hayo yalitosha kuwatia watu hofu.

Kwa wasiojua mila ya Mombasa: nikahi ni ya wanaume, msikitini au nyumbani, na humalizika upesi. Kupamba ni kwa wanawake peke yao. Bi harusi hukaa jukwaani na nguo zake za fahari, mikono na miguu imejaa hina na piko, asumini kichwani, na wageni huvua mabuibui wakabaki na mapambo yao. Uwanja huzungushwa maturubai. Ndani ya maturubai hayo mwanamke anaonekana kwa hiari yake, na wanaomwona ni wale aliowatarajia.

Nikahi nilimpa kamera binamu ya bi harusi aipige. Alirudi na kanda moja, nusu yake viatu vya watu mlangoni. Kupamba nilipiga mwenyewe, kanda tatu.

Kabla sijaanza, bibi wa nyumba aliniita. Aliishika kamera, akaigeuzageuza, akauliza, "Jicho hili halifumbi?" Nikamwonyesha kitaa chekundu: kikiwaka inapiga, kikizimika haipigi. Akanipa masharti yake. Kwanza, kanda zisipelekwe studio. Pili, nakala iwe moja tu, ya bi harusi. Tatu, kanda zenyewe nizichukue mimi, nisiziache nyumbani wala mjini, na asizione mwanamume asiye maharimu wa waliomo. Nilikubali haraka haraka, kama mtu anayetia sahihi mkataba bila kuusoma.

Habari ya kitaa chekundu ilienea uwanja mzima. Kila kilipowaka, baadhi ya wanawake walijifunika leso, wengine wakageuka, wengine, hasa wasichana, wakanisogelea wapigwe vizuri. Wazee walipoanza vugo, zile pembe zinazopigwa kwa vijiti, walinikubalia kwa sharti jipya: nipige mikono, nisipige nyuso. Kwa hiyo kanda ya pili ina kama nusu saa ya mikono, pembe, pindo za leso na miguu, na juu yake sauti ya bibi akiongoza na wenzake wakimpokea. Nilikasirika sana. Nilijiona nimepoteza kitu bora kuliko vyote.

Nilichokuwa sikijui, ingawa nilikuwa nikisomea historia, ni kwamba bibi alikuwa na historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha wa Zanzibar kama Gomes na ndugu wa Coutinho waliuza postikadi za watu wa pwani, na wanawake wengi waliomo hawana majina. Kadi zilipelekwa Ulaya, wenyewe wakabaki hawajulikani ni akina nani. Hata kwa maandishi, maelezo mashuhuri ya harusi zetu, yale ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake katika Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni maelezo ya wanaume kuhusu mambo ambayo mengi hufanyika wanaume hawapo.

Wanawake nao hawakuwa wakijificha tu. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nguo, nyimbo na karamu, mbele za watu. Na pale wenyewe walipotaka kusema, walisema: Strobel na Sarah Mirza walitoa maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991, kutokana na masimulizi yao wenyewe. Basi suala halikuwa kuonekana au kutoonekana. Suala ni nani anayeamua uonekane na nani. Video ilipoingia pwani ililikuta suala hilo lipo zamani. Minou Fuglesang aliandika juu ya wasichana wa Lamu na video mwaka 1994, na Heike Behrend, mwaka 2013, juu ya picha katika pwani yetu na watu wanaokataa kupigwa. Nilivisoma vyote viwili nikimkumbuka bibi na swali lake la jicho.

Masharti yake yalikuwa na gharama. Nakala ya bi harusi tuliitoa nyumbani, kamera imeunganishwa kwa waya kwenye deki ya VHS ya jirani, mlango umefungwa. Alihamia Muscat nayo mwaka 1996, na kule ilicheza vizuri kwa kuwa Oman, kama Kenya na Uingereza, hutumia mfumo wa PAL. Lakini dada yao mmoja alikuwa Toronto, na hakuweza kuhudhuria harusi. Alipoazimwa ile nakala, deki yake ya NTSC haikutoa ila mistari. Wengi wenu mliokuwa Marekani na Kanada miaka ile mnakumbuka adha hiyo. Dawa ilikuwa kuipeleka dukani ikageuzwe, yaani kuitia mikononi mwa watu wasiojulikana. Bi harusi akakataa. Dada yule hakuiona harusi ya mdogo wake mpaka alipokwenda Muscat mwaka 2004, na bibi alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Aliniambia hakulilia harusi, alililia ile sauti kwenye kanda ya pili.

Sasa kanda zenyewe zinazeeka. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, na mashine ya kuchezea Hi8 ni ya kutafuta kwa tochi. Maktaba moja ya chuo imeniomba kanda hizi kwa ajili ya nyimbo za vugo. Kama mwanahistoria najua wanachotaka, na najua kwamba nikichelewa hakutabaki kitu. Wapo wenzangu watakaosema ahadi kwa marehemu isizuie elimu. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini wale hawakunipa data. Walinipa amana, na waliomo wengi bado wako hai, wengine ni bibi wa watu sasa, na wapo walioacha kabisa kujionyesha hata mbele ya wanawake wasiowajua.

Nilichofanya ni hiki. Nilizicheza kanda peke yangu, nikazihifadhi kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Kisha mimi na bi harusi tukaanza kuwapigia simu waliomo, mmoja mmoja, na kwa waliotangulia tukawauliza binti zao. Picha, takriban wote walisema hapana. Sauti ya vugo, wengi walikubali, wawili walikataa, na mmoja kati ya hao wawili ndiye mpokeaji mkubwa baada ya bibi. Kwa hiyo maktaba haijapata kitu mpaka leo. Ninaendelea kuzungumza naye, simlazimishi.

Kijana wa Muscat hakupata kanda. Dada yake alipata. Usiku wa kuamkia kupamba kwake, mamake aliwafungulia wanawake wa nyumbani ile kanda ya pili, wakaketi wakasikiliza na kutazama mikono. Mikono ile niliyoikasirikia. Naambiwa walibishana mpaka saa nane za usiku: huu ni mkono wa fulani, ile bangili ni ya fulani, huyu hina yake ilikuwa haijakauka. Majina karibu yote yalipatikana, na mara hii yameandikwa, kwa mkono wa bi harusi mwenyewe, kwenye daftari analolishika yeye.

Ndugu zangu, najua wengi wetu tuna kanda kama hizi chini ya vitanda, London, Muscat, Dubai, Toronto. Tuziokoe, muda umekwisha. Lakini kabla hatujazimwaga, tuulize waliomo. Baadhi yao bado wanapokea simu.

Wassalaam.