Daftari la Kijiji

Ofisi za watendaji wa vijiji nchini Tanzania hufanana: meza moja, benchi la wageni, tangazo ukutani na kabati. Ndani ya kabati mna mhuri, vitabu vya stakabadhi, mihtasari ya vikao na daftari la mapato na matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likiwapo, bado kuna swali: linakaa wapi, na nani ana haki ya kusomewa? Ukilifuata swali hilo tangu enzi za Wajerumani, utaiona historia nzima ya kujitawala kwa vijiji vyetu.

Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, mwenye nyumba shambani alidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Asiye na fedha alilipa kwa jasho lake. Maakida na majumbe walikusanya, hesabu zikaenda bomani. Fedha hizo zilifanya kazi gani, mkulima hakuwa na pa kuuliza. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa machungu yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Waingereza walilisogeza daftari hatua moja. Chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwatambua machifu kuwa watawala wa maeneo yao, na sehemu ya kodi ikarudi kwenye hazina zao. Humo walilipwa machifu wenyewe na makarani wao, na kilichosalia kikaenda kwenye huduma. Hata hivyo, karani wa hazina alitoa hesabu kwa chifu na kwa bwana shauri, yaani ofisa wa Kiingereza wa wilaya. Mlipa kodi hakuwamo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 ilifungua njia ya mabaraza ya wilaya, na baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukafutwa. Halmashauri za wilaya zikabeba shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini, mzigo mkubwa kuliko mifuko yao. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri hizo zikavunjwa. Daftari likahamia kwa maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo kijiji chenyewe kilikuwa kinajengwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na akina mama na wazee wakaketi darasani kujifunza kusoma na kuhesabu. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikakipa kijiji mkutano wake na halmashauri yake. Wengi waliingia katika vijiji hivyo kwa kuhamishwa kwa nguvu, na machungu hayo hayafai kufichwa. Lakini kwa mara ya kwanza daftari lilikuwa mikononi mwa majirani, na waliojifunza kulisoma walikuwa wakiongezeka.

Mwaka 1984 halmashauri za wilaya zilirejea, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Sheria Namba 7 ya 1982 ndiyo inayoongoza vijiji hadi leo. Mamlaka ya juu ya kijiji ni mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Mkutano huo huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti hutokana na kura. Mtendaji huajiriwa, naye ndiye katibu wa vikao. Kamati ya fedha, uchumi na mipango huandaa hesabu, halmashauri huzijadili, kisha kila miezi mitatu wananchi husomewa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo mipango huanza miezi mingi kabla. Kitongoji kimoja kinataka kisima, kingine kinadai darasa. Mkutano ukikubaliana juu ya darasa, wananchi huchanga mchanga, mawe, tofali na nguvu kazi, wakaliinua boma hadi usawa wa linta. Bati na saruji ya kumalizia huombwa wilayani kupitia kamati ya maendeleo ya kata. Hapo ndipo udhaifu unapoonekana. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, wanyonge walipumua, kwa kuwa wengi walikuwa wakisakwa na mgambo kwa kushindwa kulipa. Lakini halmashauri za wilaya zilipoteza chanzo cha mapato, zikazidi kutegemea ruzuku ya serikali kuu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulishuka kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alinufaika, mfuko wa halmashauri ukasinyaa, na maboma mengi yakabaki yakinyeshewa.

Kwa sababu hiyo naamini kusomwa kwa mapato na matumizi si utaratibu wa kutimiza tu. Palipo na fedha kidogo, kila mfuko wa saruji una watu waliojinyima kwa ajili yake. Mama aliyebeba ndoo za mchanga ana haki ya kusikia bati ziko wapi, na anaposimama kuuliza anatumia haki ambayo mlipa rupia 3 hakuwahi kuwa nayo.

Tunatunza maboma ya Wajerumani na makaburi ya machifu, na ni vyema. Madaftari ya vijiji ya tangu 1975, yenye mwandiko wa watu waliojifunza kuandika ukubwani, nayo ni urithi, na karatasi haishindani na mchwa. Kila halmashauri ya wilaya iyakusanye, iyahifadhi, na iruhusu wajukuu wa walioyaandika kuyafungua.