Gari Limelala Likiwa Zima, Asubuhi Haliwaki: Kumtafuta Mwizi wa Chaji ya Betri

Katika vijiji vingi magari ni moja au mawili tu, na kila mtu anajua ni mlango gani wa kugonga mama akishikwa na uchungu usiku. Kwa hiyo betri ikifa, shida si ya mwenye gari peke yake. Jana gari lilitoka gulioni, likaegeshwa vizuri, taa zikazimwa. Saa nane usiku ufunguo unazungushwa, kinachosikika ni "tik tik tik" tu. Vijana wanaamshwa wasukume. Kama gari ni otomatiki, hata kusukuma hakusaidii.

Wengi wakifika hapo hununua betri mpya. Baada ya wiki chache nayo inalala. Fedha imekwenda, na mwizi bado yumo ndani ya gari.

Kabla ya kumtafuta mwizi huyo, tuhakikishe kwanza kwamba yupo. Betri kuisha usiku kunaweza kuwa na vyanzo vitatu: betri yenyewe imechoka na haishiki chaji, au alteneta haiichaji gari likitembea, au kuna kitu kinaendelea kunywa umeme gari likiwa limezimwa. Lipo jaribio lisilohitaji kifaa chochote zaidi ya spana. Peleka betri ichajiwe mpaka ijae. Jioni, fungua waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, uuweke mbali usiguse kichwa cha betri. Asubuhi urudishe na uwashe gari. Likiwaka kwa nguvu, lakini usiku mwingine ukiuacha waya umefungwa likashindwa, basi umeme unavujia ndani ya gari. Ikiwa betri imedhoofika hata baada ya kulala imefunguliwa, usihangaike na nyaya. Mgonjwa ni betri.

Ukiwa na mita ya umeme, ile ndogo ya mafundi yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, utajua mengi zaidi. Betri nzima iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Washa gari upime tena: usomaji unapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ukibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Sasa tuseme betri ni nzima na alteneta inachaji. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Kila gari la siku hizi hunywa umeme kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya redio, king'ora na kompyuta. Kiasi cha kawaida ni miliampia 20 hadi 50. Betri nzuri huweza kustahimili hilo kwa wiki kadhaa. Lakini fikiria taa moja ndogo ya wati 5 iliyosahaulika kwenye buti. Hiyo hunywa karibu ampia 0.4, yaani zaidi ya miliampia 400. Kwa saa 24 imekula kama ampia-saa 10. Betri nyingi za magari madogo zina ampia-saa 40 hadi 60, kwa hiyo siku mbili tatu zinatosha kuifanya ishindwe kuzungusha injini.

Kupima uvujaji huo, zima gari, toa ufunguo, funga milango. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10 na uweke mita kwenye kipimo cha ampia za moja kwa moja. Fungua waya wa hasi wa betri. Ncha moja ya mita iguse kichwa cha hasi cha betri, nyingine iguse waya uliofunguliwa, ili umeme wote wa gari upite ndani ya mita. Mita ikiwa imeunganishwa hivyo, usiwashe gari wala kuzungusha ufunguo, kwa sababu stata hunywa ampia nyingi sana na mita itaungua. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kugusa betri tena. Mita nyingi za mafundi zimekufa kwa kusahau hatua hii moja.

Usikimbilie kuamini namba ya kwanza. Kompyuta za gari huchelewa kulala. Subiri nusu saa, na kwa baadhi ya magari hata saa nzima. Ikituama kwenye 0.03, hapana tatizo. Ikibaki kwenye 0.3 au zaidi, mwizi yumo.

Asiye na mita anaweza kutumia balbu ndogo ya volti 12, ya wati 5, akiiunganisha mahali palepale pa mita. Balbu ikiendelea kuwaka wazi baada ya muda huo, umeme unavuja. Haikupi hesabu, lakini kwa magari ya zamani inatosha.

Kisha nenda kwenye fyuzi. Piga picha kisanduku cha fyuzi kwa simu yako kabla ya kugusa chochote, ili kila moja irudi mahali pake. Mara nyingi visanduku ni viwili, kimoja chini ya boneti na kingine chini ya dashibodi. Ukilazimika kuacha mlango wazi, bonyeza kitasa chake kwa bisibisi kijifunge, la sivyo taa ya ndani itawaka na kuharibu kipimo. Chomoa fyuzi moja, tazama mita, irudishe, nenda nyingine. Namba ikianguka ghafla, au balbu ikizimika, umepata njia anayopita mwizi. Kifuniko cha kisanduku huonyesha fyuzi hiyo inalisha nini: redio, taa za breki, king'ora.

Wanaokamatwa mara nyingi tunawafahamu. Wa kwanza, na tunasema haya tukiwa watu wa redio, ni redio iliyofungwa na fundi wa haraka. Kwa kawaida redio ya gari ina waya wa njano wa kutunza kumbukumbu na mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Wote wawili wakiunganishwa moja kwa moja na betri, redio hailali hata ukidhani umeizima. Wengine ni king'ora cha bei nafuu, kifaa cha kufuatilia gari, na chaja ya simu iliyoachwa kwenye tundu la sigara. Kwenye magari yaliyozeeka, kipande kidogo cha plastiki kwenye pedali ya breki huvunjika na kuanguka, kisha taa za breki zinabaki zimewaka usiku kucha. Zunguka nyuma ya gari gizani utaziona.

Taa ya buti na ya droo ya dashibodi ni ngumu kuziona kwa sababu unapofungua lazima ziwake. Washa video kwenye simu, iache ndani, funga, subiri kidogo, kisha tazama kama taa ilizimika.

Ukichomoa fyuzi zote na namba haishuki, shuku alteneta. Waya wake mnene huenda karibu moja kwa moja kwenye betri, na dayodi zake zikiharibika umeme hurudi nyuma. Dalili moja ni alteneta kuwa na joto asubuhi wakati injini imepoa kabisa. Hapa tunashauri umwachie fundi umeme, maana waya huo ukigusa chuma betri ikiwa imefungwa, cheche zake si za mchezo.

Usipuuze pia uchafu juu ya betri. Vumbi lililochanganyika na maji makali hupitisha umeme polepole kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Funga vifuniko vizuri, osha kwa maji yenye magadi ya kupikia, kausha.

Wakati wote wa kazi hii usivute sigara karibu na betri, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua betri anza na waya wa hasi, na unapofunga umalize nao. Fyuzi iliyoungua usiibadilishe kwa kipande cha waya. Magari yameteketea hivyo.

Fundi akiwa mbali, jioni fungua waya wa hasi, au omba ufungiwe swichi ya kukata umeme wa betri. Magari mengine yatakudai namba ya siri ya redio baada ya kufanya hivyo, kwa hiyo itafute mapema. Na spana iache ndani ya gari, mahali ambapo hata dereva mwingine ataipata gizani.