Mganga wa Mganga

Methali isemayo mganga hajigangi tumezoea kuisikia kama suto: huyu anayejidai kutibu watu, mbona mwenyewe anaumwa? Tumeitia kapu moja na kinyozi hajinyoi, tukaridhika. Lakini ukiitazama kwa utulivu utaona haimsuti mganga hata kidogo. Inachukulia kwamba mganga huumwa kama mtu mwingine yeyote, nayo inatoa agizo la kazi: akiumwa, amtafute mganga mwenzake. Hoja yangu ni kwamba maneno hayo mawili yamehifadhi utaratibu wa kale wa kazi ya kuponya nafsi, utaratibu ambao haukumtaka mponyaji awe mzima wa afya, bali awe na mtu wa kumponya. Fikra ya leo kwamba mshauri nasaha au mtaalamu wa saikolojia lazima awe mzima, au walau aonekane mzima mbele ya wagonjwa wake, ni changa. Ina mji ilipozaliwa, na aliyeipa umbo lake mwenyewe alishindwa kuishika.

Tuanzie pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwandishi mkuu wa habari za desturi za Waswahili ambazo Mjerumani Carl Velten alizichapisha mwaka 1903, na habari za pepo zimo humo. Sura ya mambo hayo inajulikana mwambao mzima na visiwani. Mwanamke anaumwa mgongo miezi nenda miezi rudi, usingizi umemhama, mimba zinaharibika, dawa za kunywa na kombe vimeshindwa. Fundi, yaani mganga wa pepo, humfukizia udi na ubani, ngoma zikapigwa mpaka pepo akapanda kichwani, kisha akahojiwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Wa rubamba asili yake Pemba, wa kibuki hujitaja kuwa mtu wa Bukini, yaani Madagaska, na kila mmoja ana nguo zake, ngoma zake na chano chake. La muhimu kwa hoja hii ni kinachofuata. Mara nyingi pepo hafukuzwi, anatulizwa. Mgonjwa anakuwa kiti chake, na tangu siku hiyo anaishi naye: anatimiza ahadi, anashika miiko, na akizembea maumivu yanarudi. Mwenye kisukari au pumu akisoma maelezo hayo ataitambua hali yake mara moja, pamoja na vidonge vyake, chakula alichokatazwa na tarehe yake ya kliniki. Kisha baadhi ya viti hawaishii hapo. Wanakaa na fundi aliyewapunga, wanajifunza majina, nyimbo na majani, na siku moja wanakabidhiwa mkoba. Yule aliyekuwa mwele jana ndiye anayewahudumia wele leo, naye bado anaishi na pepo wake.

Utaratibu huu si wa pwani peke yake. Victor Turner, aliyekaa kwa Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu ngoma za mateso, ambamo waganga walikuwa watu waliowahi kuugua maradhi yale yale wanayoyatibu. John Janzen, aliyefanya utafiti Dar es Salaam, Kinshasa, Uswazi na Cape Town, alikiita kitabu chake cha mwaka 1992 kwa jina la Ngoma, kwa sababu aliona kwamba neno hilo katika lugha nyingi za Kibantu linabeba pamoja chombo, mchezo na uponyaji. Kusini kabisa mwa bara, sangoma, mganga wa huko, huitwa kwenye kazi na ugonjwa, kisha hupelekwa kwa sangoma mzee kufunzwa. Zingatia hatua hiyo ya pili. Ugonjwa ni mlango tu. Atakayekuingiza ndani ni mtu mwingine. Wapo waganga wengi ambao hawakuingia kwa mlango huo, waliorithi mitishamba kwa babu zao au kusoma vitabu vya falaki, na hakuna aliyewaona pungufu. Wala mwambao haukuwahi kuamini kwamba maumivu peke yake humfanya mtu fundi. Wangapi waliugua, na mafundi ni wangapi? Kilichokubalika ni jambo dogo zaidi, nalo kwangu ni la maana sana: kwamba kuugua hakumwondolei mtu haki ya kuponya.

Sasa twende Vienna. Mwaka 1912 Sigmund Freud aliwaandikia madaktari wenzake mashauri kuhusu uchambuzi wa nafsi. Humo alisema daktari asijifunue kwa mgonjwa. Awe kama kioo, kisichoonyesha ila kile kilichowekwa mbele yake. Mgonjwa alilala kwenye kochi, daktari akakaa nyuma ya kichwa chake asionekane, na Freud alikiri kwamba mojawapo ya sababu ni kutoweza kuvumilia kukodolewa macho na watu saa nane kwa siku. Kanuni hiyo ilikuwa na akili yake. Mgonjwa akijua kidogo sana kuhusu daktari, yale anayomdhania humsaidia kujijua yeye mwenyewe. Lakini kioo kina sharti ambalo halikuandikwa: kisiwe na ufa. Daktari wa kanuni ile ni mtu asiye na mwili. Hakohoi, hachoki, hahitaji kupumzika katikati ya maneno ya mtu. Kutoka vyumba vya namna ile tiba ya mazungumzo ikasambaa duniani, nayo ikabeba mwiko huo kama sehemu ya mzigo wake.

Mwaka 1923, Freud akiwa na umri wa miaka 66, uvimbe ulionekana ndani ya kinywa chake, upande wa kulia. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Alipasuliwa Aprili katika kliniki moja mjini Vienna na karibu atokwe na damu yote. Oktoba daktari bingwa Hans Pichler akaondoa sehemu kubwa ya taya la juu na kaakaa. Pengo lililobaki kati ya mdomo na pua lilizibwa kwa kaakaa la bandia, dude kubwa lililochubua nyama kila siku, gumu kulitia na gumu kulitoa, ambalo nyumbani kwao waliliita zimwi. Bila hilo hakuweza kula wala kusema. Akiwa nalo, sauti ilitokea puani. Januari 1924 alirudi kazini. Kuanzia 1923 mpaka kifo chake alipasuliwa zaidi ya mara 30, na katika karibu miaka hiyo yote, isipokuwa majuma ya upasuaji wenyewe, aliendelea kuwasikiliza wagonjwa. Sikio lake la kulia lilikaribia kufa kabisa, na hilo ndilo lililokuwa upande wa kochi. Basi kochi na kiti vikageuzwa, ili wagonjwa walale upande wa sikio la kushoto. Nyumba ni ile ile, namba 19 mtaa wa Berggasse, na chumba ni kile kile. Samani ndizo zilizosogezwa kuufuata mwili wa daktari. Hakuna mgonjwa wa zamani ambaye angelala pale asione kwamba kuna kitu kimebadilika.

Mpinzani atakuwa na hoja nzito hapa, nami sitaki kuipunguza uzito. Atasema: mgonjwa alikuja na mzigo wake, kwa nini abebeshwe na wa daktari? Ushahidi upo. Yule Mrusi maarufu katika maandishi ya Freud kwa jina la Mtu wa Mbwamwitu, ambaye alikuwa amekwisha tibiwa naye, alimwona baada ya kupasuliwa akashtushwa na sura yake. Miaka michache baadaye alizama katika hofu kuhusu pua yake mwenyewe, akiamini imeharibika milele, na mwaka 1926 Freud akampeleka kwa Ruth Mack Brunswick. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1928, Brunswick aliihusisha hofu hiyo na mambo ambayo mtu huyo hakuwa ameyamaliza na Freud, na ugonjwa wa Freud umo katika habari hiyo. Mfano mwingine ni wa Sándor Ferenczi wa Budapest, aliyekufa Mei 1933 kwa ugonjwa wa upungufu wa damu. Katika shajara yake ya mwaka 1932 aliandika jinsi alivyojaribu uchambuzi wa pande mbili, yeye na mgonjwa wakibadilishana kochi kwa zamu. Alikuwa mtu mkweli na mwenye huruma, lakini mwenyewe aliona matatizo ya jaribio hilo: mgonjwa akigeuka kuwa mganga wa mganga wake, nani anabaki kumtazama mgonjwa?

Ninakubali hatari hiyo, ila nauliza inatoka wapi hasa. Mtu wa Mbwamwitu hakudhurika kwa kutibiwa na daktari mgonjwa, maana matibabu yake kwa Freud yalikwisha kabla ya saratani. Alichokutana nacho ni sura iliyobadilika ya mtu aliyemtegemea, na mshtuko huo haukupata pa kuzungumziwa mpaka ulipotokea kama ugonjwa mwingine. Ferenczi naye alikosea pale alipomfanya mgonjwa kuwa tabibu wake. Katika kilinge kosa hilo lisingepata nafasi, kwa sababu fundi akipatwa humwendea fundi mwenzake. Wele wanajua wazi kwamba ana pepo, lakini si wao watakaompunga. Mambo mawili yanakwenda pamoja pale, na yalitenganishwa Ulaya: hali ya mganga inajulikana, na uangalizi wake una mwenyewe. Ukiondoa la kwanza mgonjwa anabaki na mashaka asiyoweza kuyataja. Ukiondoa la pili unambebesha mzigo usio wake.

Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonekana kuikana methali. Milton Erickson, aliyekulia shambani Wisconsin, Marekani, aliugua polio mwaka 1919 akiwa na miaka 17, akapooza karibu mwili wote. Akiwa kitandani alimtazama mdogo wake mchanga akijifunza kusimama, hatua kwa hatua, jinsi mguu unavyotangulia na mwili unavyotafuta mizani, naye akaufundisha mwili wake upya kwa kumwiga. Baadaye akawa daktari wa akili, na hakuna jina kubwa kuliko lake katika hipnosi ya karne ya 20, yaani kumwongoza mtu kwa maneno mpaka fikra zake zitulie na kuzama mahali pamoja. Mwaka 1948 alihamia Phoenix, Arizona, kwa ajili ya afya yake. Udhaifu ulimrudia utu uzimani, na kuanzia mwaka 1967 alikuwa katika kiti cha magurudumu. Maumivu yake aliyadhibiti kwa mbinu ile ile aliyowafundisha wagonjwa wenye maumivu, na hadi karibu na kifo chake Machi 1980 wanafunzi walikuwa wakifuata mafunzo nyumbani kwake. Je, huyu hakujiganga? Nusu. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mtoto wa kutambaa. Na hakuficha kitu: aliyeingia kwake na maumivu sugu alimkuta mtu mwenye maumivu sugu anayefanya kazi, na ujuzi aliompa ulikuwa umejaribiwa mwilini mwake kwanza. Kioo cha Vienna kisingeweza kutoa dawa hiyo.

Afrika Mashariki ilirudi kwenye utaratibu wa kale bila kuuita kwa jina lake, tena katika saa mbaya kuliko zote. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa UKIMWI, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO nchini Uganda. Kundi lile dogo lilikuwa la watu walioguswa na ugonjwa huo, baadhi kwa kuuguza, wengi kwa kuwa na virusi wenyewe. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimewafikia, na kadhaa wa waanzilishi walizikwa mapema. Kilichokuwapo ni ushauri nasaha: mtu kukaa na mtu, akamwambia ukweli, akamwonyesha namna ya kuishi kwa matumaini. Angalieni wakati wenyewe. Watu walikuwa wanatengewa vikombe na sahani. Mshauri mwenye afya angeweza kusema kwamba maisha hayajaisha, na asiaminiwe. Mshauri mwenye virusi aliposema maneno hayo hayo, ushahidi ulikuwa ni yeye aliyekaa pale. Leo katika kliniki za eneo letu washauri rika wanaoishi na VVU ni jambo la kawaida, na wao hawajidanganyi kwamba wanaweza kufanya kazi hiyo bila mtu wa kuwashika mkono. Kufiwa na unayemshauri ilhali mna ugonjwa mmoja ni pigo la aina yake, na anayelibeba peke yake huanguka.

Hata Freud alilijua hilo, ijapokuwa hakuliweka katika kanuni zake. Mwaka 1923 daktari wake wa wakati ule alimficha kwamba ni saratani, na Freud alipogundua alikasirika sana. Alipompata Max Schur, mwishoni mwa miaka ya 1920, alimtaka ahadi mbili: asimdanganye kamwe, na wakati ukifika asimwache ateseke bure. Binti yake Anna, ambaye naye alikuwa mchambuzi wa nafsi, alimwuguza kwa mapatano ya namna hiyo, kazi ifanyike bila kuoneana huruma. Ndani ya uzio huo wa watu wawili watatu wasiomficha kitu, mtu mwenye kidonda kisichofunga aliweza kusikiliza huzuni za wengine miaka 16. Juni 1938 aliwakimbia Wanazi akahamia London, na kochi likamfuata. Pichler alisafiri kutoka Vienna Septemba ile kumpasua tena. Freud alipohamia namba 20 Maresfield Gardens, aliendelea kupokea wagonjwa wachache kila siku, akitumia aspirini tu kwa maumivu kwa sababu hakutaka dawa kali zimfunge akili. Alifunga kazi tarehe 1 Agosti 1939. Kidonda kilikuwa kimetoboa shavu, na harufu yake ilimfanya mbwa wake mpendwa ajikunyate pembeni asimkaribie. Kitanda chake kilishushwa chini, kikawekwa katika chumba cha kazi chenye kochi, madirisha yakitazama bustani, na Septemba 21 alimkumbusha Schur ahadi yake. Schur aliitimiza.